Mashujaa wa Chini ya Maji Wasiachwe Peke Yao

Mwananchi atokaye Kisesa kwenda mjini Mwanza kwa barabara kuu ya Musoma hupita Igoma kabla hajaliona ziwa. Hapo Igoma wamelazwa ndugu zetu wengi waliofariki katika ajali ya meli ya MV Bukoba, iliyozama siku ya Jumanne, tarehe 21 Mei, 1996. Wapo waliozikwa kwa majina yao, na wapo waliozikwa bila majina, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwatambua. Ifikapo mwezi wa Mei, jamaa zao hufika makaburini kuwaombea, na huo ni wajibu mwema usiopaswa kukoma. Lakini wapo watu wengine ambao hawatajwi sana katika dua hizo, nao ndio tunaokusudia kuwazungumzia leo. Hao ni wapiga mbizi, watu walioingia majini kwa hiari yao ili kuwatoa wale walioingia bila hiari.

Jeshi letu la Wanamaji, ambalo kamandi yake iliundwa mwaka 1971 huko Kigamboni kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, halina nyambizi. Kwa hiyo atatokea mtu wa kuuliza: habari za mabaharia walionasa ndani ya nyambizi huko Ulaya na Marekani zinatuhusu nini sisi wa Kisesa, Nansio na Ukara? Jibu lake ni jepesi, na ni la kusikitisha. Meli ya abiria iliyopinduka ikiwa na watu ndani haina tofauti na nyambizi iliyokwama chini ya bahari. Walio ndani wamezungukwa na chuma na giza. Hewa waliyo nayo ni ile iliyonaswa pamoja nao, na kila wanapovuta pumzi inapungua. Nje wapo watu wanaowasikia lakini hawawezi kuwafikia. Tofauti iliyopo ni kwamba nyambizi imeundwa makusudi izame, na mabaharia wake wamefundishwa la kufanya, ambapo mama wa Bwisya aliyebeba kikapu cha gulio hakufundishwa lolote.

Tuikumbuke kwanza MV Bukoba. Meli hiyo, iliyojengwa mwaka 1979, ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Asubuhi ile ilikuwa inatoka Bukoba kupitia Kemondo, ikaupata msiba huo wakati imekwisha kuikaribia Mwanza. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo hakuna mtu awezaye kuitaja idadi ya waliokufa bila ya kuongeza neno "inakadiriwa", na makadirio hayo hufika 800 na kuzidi.

Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea kwa muda wa saa kadhaa, mkuku wake ukiwa juu, na waokoaji waliosimama juu ya chuma kile walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Ni nani mwenye moyo wa binadamu awezaye kusikia mgongo huo akakaa kimya? Waokoaji wakatoboa. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli isizame, ikatoka kwa nguvu, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, na meli ikaenda chini, kiasi cha mita 25, pamoja na waliokuwa wakigonga.

Hatuyasemi haya kwa kumlaumu mtu. Waliotoboa walifanya kile ambacho kila mmoja wetu angelifanya. Tunayasema kwa sababu jambo hilo lilikuwa limekwisha kujulikana duniani kwa zaidi ya miaka hamsini. Tarehe 7 Desemba, 1941, manowari ya Marekani iitwayo Oklahoma ilipinduka bandarini Pearl Harbor baada ya kushambuliwa na Wajapani. Mabaharia 429 walikufa. Wengine walibaki ndani wakigonga chuma, na mafundi wa bandari wakapanda juu ya meli kuwatafuta. Mwanzo walitumia moto wa gesi kukata, wakagundua kwamba moto huo unakula hewa ya walio ndani, na watu wawili wakafa kwa kukosa pumzi. Wakaacha moto, wakashika nyundo na patasi za kuendeshwa kwa hewa. Kila walipotoboa, hewa ilivuma na maji yakapanda, nao ikawalazimu kukimbizana na maji hayo chumba hadi chumba. Kwa ujuzi huo uliopatikana kwa machungu waliwatoa watu 32 wakiwa hai. Lakini Oklahoma ilikuwa imeegemea udongo wa bandari, haikuwa na mahali pa kwenda. MV Bukoba ilikuwa imeegemea hewa yake mwenyewe.

Tujiulize, basi: ni kitu gani kilichokosekana siku ile? Ushujaa haukukosekana. Palikosekana maboya ya kuifunga meli isiende chini kabla ya kuitoboa, na palikosekana watu waliofundishwa kuingia kwa chini, kupitia milangoni, badala ya kutokea juu kupitia mkuku. Watu wa namna hiyo walifika baadaye, wakiwemo wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Afrika Kusini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na miaka miwili tu tangu ilipojikomboa kutoka utawala wa makaburu. Walifanya kazi nzito na ya heshima. Lakini kazi waliyoikuta ilikuwa ya kutoa maiti, kwa kuwa saa za kutoa watu hai zilikuwa zimekwisha kupita.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi tarehe 20 Septemba, 2018, msiba ukarudi. Kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kuchukua abiria 101, kilikuwa kinatoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kikapinduka hatua chache tu kabla ya kutia nanga, watu waliokuwa gatini wakikitazama. Ndugu zetu 228 walikufa, na 41 wakaokolewa. Anayejua kujumlisha ataona kwamba kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya uwezo wake.

Usiku ule kazi ikasimamishwa kwa sababu ya giza. Kulipokucha wapiga mbizi wa jeshi, askari polisi na wavuvi wa Ukara wakaendelea. Jumamosi, tarehe 22 Septemba, siku ya pili baada ya ajali, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa, wapiga mbizi walimtoa mtu hai kutoka ndani ya kivuko. Alikuwa fundi wa mitambo, aliyebaki karibu na injini mahali palipokuwa na hewa kidogo iliyonaswa.

Wasomaji waliopita chuoni wanakijua kisa cha Nabii Yunus tumboni mwa samaki, katika giza juu ya giza. Wanajua pia tulivyofundishwa kwamba anayeihuisha nafsi moja ana ujira wa aliyewahuisha watu wote. Kwa mizani hiyo, wapiga mbizi wa Bwisya wangestahili heshima ya taifa hata kama wasingetoa mtu mwingine yeyote. Lakini wao hawakukoma. Walirudi ndani ya kivuko kile, siku baada ya siku, wakitoa maiti za wanawake na watoto, mpaka chini ya uongozi wa aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, kivuko kikageuzwa na kuvutwa hadi ufukweni kabla mwezi wa Septemba haujaisha. Baadhi ya marehemu walizikwa hapo hapo Bwisya. Jamaa zao walipata mwili wa kuuosha, kuusalia na kuuzika. Mtu ambaye hajapata kumngoja ndugu yake ufukweni hawezi kuijua thamani ya jambo hilo.

Inafaa mwananchi wa nchi kavu aelewe kazi hiyo ilivyo, maana wengi wetu hudhani kwamba kupiga mbizi ni kujua kuogelea tu. Maji yana uzito, na kila mita kumi za kina huongeza mgandamizo kiasi cha ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mtu aliye mita 30 chini anavuta hewa iliyobanwa kiasi cha mara nne. Mtungi wa lita 12 uliojazwa barabara, ambao juu ya maji ungemtosha kwa zaidi ya saa moja na nusu, huko chini hauzidi nusu saa, na hiyo ni kama moyo wake umetulia. Atautulizaje moyo mtu anayepapasa gizani ndani ya meli iliyogeuka, ambamo dari imekuwa sakafu, milango imezibwa na magunia, na kila anachokigusa huenda kikawa mkono wa mtoto?

Tena hawezi kupanda juu ghafla. Hewa iliyobanwa huingiza naitrojeni katika damu, na mpiga mbizi akipanda kwa haraka, naitrojeni hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa. Povu hilo huumiza viungo, hupooza miguu, na huweza kuua. Dawa yake ni kupanda kwa vituo, na anayepatwa na maradhi hayo huwekwa ndani ya chumba maalumu cha mgandamizo haraka iwezekanavyo. Na hapa kuna jambo linalolihusu ziwa letu hasa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Mpiga mbizi aliyefundishwa Kigamboni akija hapa na kufuata hesabu za baharini bila kuzibadili, anaweza kuumia katika kina ambacho huko pwani kisingemdhuru. Ziwa linadai mafunzo yake lenyewe.

Sasa tuwatazame hao wenye nyambizi, tuone kama wao wameyashinda maji. Mwezi Mei mwaka 1939, tarehe 23, nyambizi ya Marekani iitwayo Squalus ilizama karibu na pwani ya New Hampshire, kina cha mita 74 hivi. Watu 26 walikufa katika vyumba vya nyuma vilivyojaa maji, na 33 wakabaki hai upande wa mbele. Siku ya pili yake ikafika meli ya uokoaji, Falcon, ikiwa na wapiga mbizi pamoja na chumba cha chuma chenye umbo la kengele, kilichokwisha tengenezwa na kujaribiwa kabla ya ajali hiyo kutokea. Mpiga mbizi akashuka, akafunga waya juu ya mlango wa nyambizi, na chumba kikashuka kwa kuufuata waya huo, kikapandisha watu kwa makundi. Katika safari ya nne waya ulikwama na kuanza kukatika nyuzi zake. Wapiga mbizi wakashuka tena, na chumba kikavutwa juu kwa mikono ya mabaharia usiku wa manane. Wote 33 walipona. Wapiga mbizi wanne walipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yao.

Siku tisa tu baadaye, tarehe 1 Juni, 1939, nyambizi ya Uingereza iitwayo Thetis ikazama katika Ghuba ya Liverpool ikiwa katika majaribio. Hiyo haikuwa mbali chini. Tezi yake ilichomoza juu ya maji kwa saa nyingi, waokoaji wakaiona kwa macho. Lakini zana hazikuwa tayari, na uamuzi ulichelewa. Kati ya watu 103 waliokuwamo, wanne tu ndio waliotoka hai. Waingereza walikuwa na jeshi la majini lililotawala bahari za dunia, na mabaharia wao hawakuwa waoga kuliko wale wa Falcon. Kilichotofautisha misiba hiyo miwili ni matayarisho.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Mwezi Agosti, 2000, nyambizi ya Urusi iitwayo Kursk ilizama katika Bahari ya Barents na watu 118. Watu 23 walikuwa hai katika chumba cha nyuma baada ya mlipuko. Wakubwa walisita kupokea msaada wa mataifa mengine kwa siku kadhaa, na wapiga mbizi wa Norway walipofungua mlango tarehe 21 Agosti walikuta maji matupu. Watu wale walikuwa wamekwisha kufa mapema, hivyo pengine msaada usingewafaa. Hata hivyo fundisho limebaki: aliye ndani hana haja ya kujua bendera ya anayemfungulia mlango.

Katika jambo hilo sisi wa Afrika Mashariki hatuna la kuona haya. Tuliwapokea ndugu wa Afrika Kusini mwaka 1996. Majirani zetu wa Kenya nao, gari lilipotumbukia kutoka kwenye kivuko huko Likoni tarehe 29 Septemba, 2019, likiwa na mama na binti yake mdogo, waliwaunganisha wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji na wenzao wa Afrika Kusini. Mkondo ulikuwa mkali na kina kilikaribia mita 58. Ilichukua siku 13 hadi gari likaopolewa. Taifa zima lilikuwa linajua kwamba hakuna wa kuokolewa, na bado watu wale wakahatarisha maisha yao ili maiti mbili zirudi nyumbani.

Lakini wapo mashujaa wengine wasio na sare, nao ni wavuvi wa mialo yetu. Katika kila ajali ya ziwani hao ndio wanaofika kwanza, kwa mitumbwi yao na makasia yao. Jumapili tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi waliifikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Watu 24 walipona na 19 wakafariki. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alijitosa mpaka akazimia, na Serikali ikaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini tuutafakari vizuri. Tulimpa ajira ya uokoaji baada ya kuokoa. Je, si ingekuwa bora zaidi kama vijana wa namna yake, katika kila mwalo, wangekuwa wamekwisha pewa mafunzo, kamba, taa za majini na miwani kabla ndege haijaanguka?

Hapa ndipo tunapotaka kusema na viongozi, kwa heshima lakini bila kuficha. Tumezoea kuwasifu mashujaa baada ya msiba. Hotuba hutolewa, vyeti hugawiwa, tume huundwa, na mwaka ukipita mitungi ya hewa hubaki stoo bila kukaguliwa. Sifa haimwongezei mpiga mbizi hata dakika moja ya pumzi. Anayemwongezea pumzi ni ofisa aliyehakikisha kwamba mtungi umejaa, boti ina mafuta, na chumba cha mgandamizo kipo mahali pa kufikika na kinafanya kazi. Mradi wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki wa mawasiliano na usafiri katika Ziwa Victoria, unaohusu kituo cha kuratibu uokoaji hapa Mwanza, ni hatua ya maana. Wakuu wa wilaya za visiwa na wenyeviti wa halmashauri hawana budi kujiuliza: kengele ikilia leo saa kumi na moja jioni katika mwalo wa mbali, mpiga mbizi wa kwanza atafika saa ngapi? Kama jibu ni kesho asubuhi, basi jibu hilo ni sawa na lile la mwaka 1996.

Haja hii inazidi kukua. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa mwezi Juni, 2025, na limewaondolea wananchi wengi hofu ya kivuko. Lakini Ukara haina daraja, wala Kome, wala Maisome. Meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini mwezi Februari, 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, karibu mara tatu ya abiria wa MV Bukoba. Tunajivunia kazi hiyo. Basi na uokoaji wetu ukue kwa kiasi hicho hicho.

Na kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno pia. Wapiga mbizi wa Bwisya hawakuzamishwa na tufani. Walipelekwa chini na tiketi zilizouzwa kupita kiasi, na mizigo iliyopakiwa bila kupimwa, na karani aliyenyamaza, na abiria aliyeona kivuko kimejaa akajipenyeza kwa kuwa alikuwa na haraka. Tunajua kwamba kungoja kivuko kingine pengine ni kulala gatini na samaki wanaooza. Hilo ni tatizo la kweli, na Serikali inawajibika kulitatua kwa kuongeza vyombo. Lakini mtu anayepanda chombo kilichojaa huchezea maisha yake, na huchezea pia maisha ya kijana ambaye hajamjua, atakayeingia gizani kumtafuta na mtungi wa nusu saa.

Tunashauri, kwa hiyo, kwamba maadhimisho ya Mei 21 yasiishie makaburini. Baada ya dua, viongozi na wananchi washuke ufukweni. Boti ya uokoaji ya kila wilaya iwashwe mbele ya macho ya watu. Mitungi ipimwe, wapiga mbizi wazame na kuibuka, wavuvi wa mialo wajaribu kufunga maboya kwenye chombo kilichopinduliwa makusudi, na saa ishikwe mkononi kuona imechukua dakika ngapi. Idadi hiyo ya dakika isomwe hadharani na iandikwe, ili mwaka unaofuata tuone kama imepungua.

Waliolala Igoma waligonga, na tuliwasikia. Mtu mwingine akigonga siku yoyote katika ziwa hili, wapiga mbizi wetu watakwenda, kwa maana hawajapata kukataa kwenda. Wajibu wetu sisi wa nchi kavu ni kuhakikisha kwamba wanafika wakati bado kuna mtu wa kuwajibu.